Risala ya Mashabiki wa Zambarau kwa Bwana Munir Alamin

Mgeni rasmi, Bwana Munir Alamin, mhudumu wa majeruhi katika timu yetu ya mpira wa Kimarekani, Vikings; Mwenyekiti wetu, Bwana Felician; wazazi, ndugu na watoto mliofika: amani iwe kwenu.

KARIBU

Sisi mashabiki wa Apple Valley tunakushukuru kwa kuja na barabara zilivyoganda. Wengi wetu tumetoka shifti ya usiku. Ukiona mtu anasinzia, usidhani tumekudharau. Hata mechi ndivyo tunavyozitazama.

HISTORIA

Umoja huu ulianzia sebuleni kwa baba yako, Mzee Alamin. Alikuwa ametoka Mombasa, anaendesha teksi, hajui hata kwa nini mpira wa huku una ncha mbili. Abiria wakamfundisha, naye akatufundisha sisi. Wewe ulikaa zuliani ukitutafsiria maneno ya mtangazaji. Tukaambiwa timu hii imecheza fainali kuu mara nne na kushindwa zote, kabla hatujaijua. Tulikuta matanga, tukakaa kitako.

MAFANIKIO

Hayapo mengi. Tumezikana kwa heshima, tumeuguzana, na jezi za zambarau tunazo. La kujivunia ni kwamba mtoto wetu anasimama pembeni mwa uwanja, anawahudumia wachezaji wanaoumia. Siku ya kwanza ulipotokea kwenye runinga, akina mama walipiga vigelegele mpaka jirani akaja kugonga. Baba yako alivaa mabuti, akatoka kuzoa theluji ambayo tulikuwa tumeshaizoa.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, tumechoka. Kila msimu ni yale yale: tunaongoza, tunashangilia, dakika za mwisho tunapokonywa. Mwaka jana tulikubaliana tuache, kila mtu alale Jumapili yake. Tukamtuma Mwenyekiti kwa baba yako.

"Mzee," akamwambia, "timu hii itatuua. Tupumzike."

"Nyinyi pumzikeni," Mzee akajibu. "Mimi nangoja kamera ipite pembeni."

Hapo ndipo tulipoelewa. Miaka hii yote alipokuwa akituuliza nani kafunga, tulidhani macho yamemchoka. Kumbe hakuwa akitazama mpira. Basi hatukuacha. Jumapili tunakwenda kwake kama kawaida, na kamera ikikuonyesha, tunanyamaza mpaka ipite.

Tulikuwepo siku ulipoacha masomo ya ufamasia ili ufuate kazi hii ya uwanjani. Tulimsikia baba yako akikwambia, "Sikukuleta Amerika uje kuwabebea watu maji." Tulikuona ukichukua koti lako. Tangu siku ile hujaikanyaga nyumba yenu. Hatukuja hapa kuamua nani alikosea. Neno lile lilikuwa zito, na aliyelisema anazeeka nalo.

MAOMBI

Vijana walitaka tuombe tiketi na mipira iliyosainiwa. Mimi katibu nimeyafuta hayo, wanisamehe. Ombi letu ni moja.

Tulikualika Idi, hukuja. Tulikualika Bwana Felician alipomwoza binti yake, ukatuma zawadi. Ndipo mama yako, Bi Arafa, akatuambia, "Mwiteni kikazi. Wito wa kazi haukatai." Ndiyo maana leo una maua mezani na kiti chenye kitambaa. Tulikualika kama mgeni rasmi kwa sababu tulipokualika kama mtoto hukuja.

Tunaomba, risala hii ikiisha, usiondoke kwanza. Baba yako amekaa safu ya mwisho, karibu na jiko. Hakuna aliyemlazimisha; amekuja mwenyewe, akijua ni wewe.

Jana tulimwuliza, "Akija, utamwambia nini?"

Akasema, "Nitamwuliza kwa nini kule Green Bay, kwenye mechi ya ugenini, alisimama kwenye theluji bila kofia."

Mgeni rasmi, Mungu akuzidishie afya, awaponye wote unaowahudumia, na atujalie sote msimu mwepesi kuliko uliopita.

Imesomwa na Tumpe, katibu,
kwa niaba ya Umoja wa Mashabiki wa Zambarau,
Apple Valley.