Eduviges Berumen na Ijumaa Kuu ya Jalidi

Mpendwa wetu Eduviges Berumen Llamas alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1941 katika kitongoji cha El Tepozán, karibu na Jerez, Zacatecas, akiwa mtoto wa nne wa Donasiano Berumen na Perfecta Llamas. Alisoma kwa masista mjini Jerez hadi darasa la sita, na huko ndiko alikojifunza kushona. Kwa miaka mingi vitambaa vya zambarau vinavyofunika sanamu za kanisa wakati wa Kwaresima vilitoka mikononi mwake.

Tarehe 7 Mei 1960 alifunga ndoa na Filemón Saldívar, mkulima wa mipichi. Mungu aliwajalia watoto kumi na mmoja. Wa kwanza, Abundio, alichukuliwa na homa Jumapili ya Matawi mwaka 1962, mipichi ikiwa imechanua. Tangu hapo majira ya kuchipua hayakumpa raha. Wengine wakisifu maua, yeye alitazama mbingu. Marehemu mumewe alizoea kumtania: “Mama Hilario, ukikosa la kuhofia, utahofia kwa nini huna hofu!”

Alhamisi Kuu moja, mwanawe Hilario, akiwa bado mdogo, aliteuliwa kuwa mmoja wa mitume watakaooshwa miguu. Mama alimsugua nyayo kwa jiwe mpaka mtoto akaingia kanisani akichechemea. Padre akauliza, “Huyu mtume katoka vitani?” Mama peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa akiangalia kama kwenye kisigino kumebaki uchafu.

Mwaka huu, katikati ya Kwaresima, moyo wake ulishindwa. Madaktari walituruhusu tumrudishe nyumbani. Jumatatu ya Juma Kuu alipata Mpako wa Wagonjwa, na watoto wakaanza kuwasili, hata Plácido kutoka Mji wa Meksiko. Nyumba ilijaa hadi wajukuu wakalala jikoni.

Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi, baada ya Njia ya Msalaba, upepo ulitulia na mbingu ikawa nyeupe. Jalidi, baridi ya kugandisha inayounguza maua, ilikuwa inakuja, na shamba zima lilikuwa maua matupu. Kulikuwa na njia moja tu: kuwasha majani mabichi kwenye kila mstari wa miti, moshi ufunike miti hadi asubuhi, kazi ya kila mwenye mikono. Lakini nani angetoka, mama akivuta pumzi kwa taabu vile?

“Maua yaungue,” Hilario alisema. “Mama ni mmoja.”

Mama alifumbua macho. “Na wanao watakula nini, mpumbavu wewe? Nendeni.”

“Mama, je, ukituacha tukiwa huko?”

“Nitawangoja. Nazaria atabaki nami. Haya, tokeni, mnanimalizia hewa!”

Wakatoka wote, wakubwa kwa wadogo. Nazaria, kitindamimba, alibaki akishika mkono uliozidi kupoa. Kila pumzi ilipochelewa, alikimbilia dirishani kuwaita, na kila mara mama alimvuta nguo: “Bado. Waache.” Moshi uliingia hadi chumbani. Nazaria hakujua kama alikuwa akimtii mama au akiwanyima ndugu zake buriani.

Kulipopambazuka waliingia, nyuso nyeusi kwa masizi.

“Yamepona?” mama aliuliza.

“Ya bondeni, mama. Ya juu yameungua,” Hilario alisema.

“Basi mtakula nusu.” Akawataja kwa majina, mmoja mmoja, kila mmoja akiitikia. Alifariki asubuhi hiyo ya Jumamosi Kuu, tarehe 30 Machi 2024, akiwa na umri wa miaka 82. Kwa kuwa siku hiyo haisomwi misa ya wafu, na Pasaka vilevile, tulikaa naye nyumbani hadi leo Jumatatu, tukila kapirotada, yaani mkate uliopikwa kwa sukari guru na jibini, aliouagiza mwenyewe akiwa kitandani.

Ameacha watoto kumi: Hilario, Plácido, Remedios, Cástulo, Amparo, Tranquilino, Domitila, Eligio, Socorro na Nazaria, wajukuu thelathini na wanne, na vitukuu tisa.

Mama, sote tumefika. Lala kwa amani, usihofu tena.