Mwalimu Luambano na Darasa la Jikoni

Mwalimu Hironimus Luambano anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 1996, baada ya kufundisha hesabu miaka ishirini na minane. Ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia hapa shuleni kwetu Songea, karibu yote akiwa na kidato cha kwanza, darasa ambalo walimu wengine hulikimbia. Mimi ni Kunegunda Mbawala, mpishi wa shule. Sikusoma hata siku moja. Karani wetu Lidwina ndiye aliyepiga chapa maneno haya, na nimemkataza kuyapamba. Mimi mwenyewe sistaafu, maana nilizaliwa mwaka wa nzige na hakuna anayejua ulikuwa lini.

Nianze na kasoro zake, ili sifa zikija mziamini. Mwandiko wake ubaoni ni kama kuku amepita kwenye majivu. Kanisani huimba kwa nguvu kuliko kwaya nzima, na wimbo haujui. Mahafali ya mwaka juzi alinipigia hesabu ya wali, sahani moja moja, kuanzia mgeni rasmi hadi dereva wake. Wali ukatosha kweli, haukubaki wala haukupungua, isipokuwa mwalimu wa hesabu alikuwa amesahau kujihesabu. Akala ukoko wa sufuria, akausifia, na tangu siku hiyo huja kuudai kila mchana.

Sasa niseme kwa nini nimeomba nimuage mimi, na si mwalimu mwenzake.

Mwaka 1991 mjukuu wangu Beata aliingia kidato cha kwanza, wa kwanza katika nyumba yetu ya Mjimwema. Shule ya msingi alikuwa anaongoza kwa hesabu. Huku hesabu zikageuka Kiingereza, na mtihani wa kwanza akapata nane kwa mia. Nyumbani akaacha kucheka, kisha akaacha hata kuongea. Jumatatu moja nikakuta sare yake imekunjwa vizuri juu ya kitanda changu. Alikuwa ameamua kwenda kuuza mitumba Bombambili kama wenzake. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila kona ina mtu anauza kitu.

Nilimfuata Mwalimu hadi ofisi ya walimu, mwiko mkononi. Nikamuuliza, "Mtoto wangu alikuja hapa na akili zake. Umezipeleka wapi?" Wenzake wote wakainamia madaftari. Yeye akasimama.

"Shikamoo, Mama. Kesho mlete jikoni. Sitamfundisha. Atakufundisha wewe, kwa Kiswahili."

Nilidhani ananidhihaki. Hata hivyo nikamleta.

Beata akakaa kwenye gogo la kuni, akasema kwa sauti ya mgonjwa kwamba kuna namba zinaitwa hasi: tatu ukitoa tano, inabaki hasi mbili. Nikamwambia, "Muongo! Bakuli lina viazi vitatu, utatoa vitano kwa mkono gani?" Machozi yakamlenga. Mwalimu alikuwa mlangoni na hakumsaidia hata kwa neno moja. Nilitamani kumpiga Mwalimu kwa mwiko.

Nyuma ya jiko Makarius, kibarua wa shule, alikuwa anachimba choo kipya, akipanda na kushuka ngazi na ndoo ya udongo. Beata akamwangalia, akamwangalia tena. Kisha akanishika mkono, akanivuta hadi ukingoni mwa shimo.

"Bibi, hapa tuliposimama ni sifuri. Ngazi imepita ardhi kwa vipandio vitatu. Makarius akiwa kule juu kabisa, akishuka vipandio vitano, atakuwa wapi?"

"Shimoni. Vipandio viwili chini yetu."

"Hiyo ndiyo hasi mbili!"

Makarius akapaza sauti kutoka chini, "Kwa hiyo mimi ni hasi?"

"Kabisa, baba," nikamjibu. "Chimba."

Nikamwambia Beata sijaelewa, arudie. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akimpandisha na kumshusha Makarius mpaka maskini akaomba maji. Kesho yake asubuhi mtoto alivaa sare.

Hapo ndipo ilipoanza sheria ya Mwalimu Luambano: wa kidato cha kwanza akishindwa swali, huja jikoni kunifundisha mimi, na nisipoelewa hapati vema. Wamekuja wa Namtumbo, wa Namasakata kule Tunduru, hata mtoto wa mkubwa mmoja, aliyejaribu kunihonga sukari. Walimu wengine walipofungua tuisheni za kulipia, yeye alibaki na jiko langu. Beata sasa yuko chuo cha ualimu, na somo alilochagua ni hesabu.

Mwalimu, kabla hujaondoka nina jambo la kukiri. Siku ile ya shimo nilielewa mara ya kwanza. Nilisema sijaelewa kwa sababu mtoto wangu alikuwa anaongea baada ya wiki nyingi za kimya, na sikutaka anyamaze. Tangu hapo watoto wako wote nimewaambia hivyohivyo. Miaka mitano nimekudanganya, na Padri asitegemee nitatubu.

Asante, baba. Ulinirudishia mtoto. Sisi wote wa jikoni na wa ofisini tunakuombea huko shambani kwako Namtumbo mvua ya kutosha, meno ya kutafunia ukoko, na jirani mmoja mwema wa kukuambia kila siku kwamba hajaelewa.