Meli Zimerudi, Kipriani Karudi

Kijiwe chetu kilikuwa nyuma ya soko la Kasulu, benchi moja mbele ya birika la Saady, muuza kahawa. Mwaka tisini na tisa huo. Burundi imeshaondolewa vikwazo vya biashara, na meli za mizigo zinapishana tena bandarini Kigoma. Kipriani, mzamiaji wa kunasua nyavu zilizokwama kwenye mawe ya ziwa, alikuwa karudi kwao Heru Juu, hapo jirani, akisema haendi tena ziwani. Tukamtaka atueleze.

— Miaka ya vikwazo ziwa lilikuwa kimya. Ukizama unasikia mpaka kokoto zikisagana. Ukisikia injini, ujue ni boti, na iko karibu. Unatulia chini ipite, ndipo unaibuka.

— Na sasa?

— Sasa meli iko mbali huko, wewe masikio yamejaa. Uuuu, pande zote! Ya mbali na ya karibu huzitofautishi. Juzi nikajua ni meli ya mbali, nikaibuka. Kumbe boti. Panga la injini likanipita hapa.

Akagusa shavu. Akanywa kahawa yake.

Abdalah muuza duka, tuliyemwita Redio Mbao, akaingilia.

— Meli tupu hizo. Debe tupu haliachi kuvuma! Zijazwe saruji, zitanyamaza.

— Zinakwenda Bujumbura zimejaa, alisema Saady. Kwa hiyo kelele ni za kurudi tu?

Pasikali akakohoa. Tulimwita Diwani tangu aliposhindwa uchaguzi.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kelele za miaka yote ya vikwazo zilikuwa zimelala chini. Meli zimeziamsha tu.

— Basi na dagaa wamekuwa viziwi, alidakia Redio Mbao. Mwenzake anamwambia kimbia, yeye huyo, wavuni!

Hapo hata Kipriani alicheka.

Akafika Theodosia na kikapu cha maharage kichwani. Ni mke wa Leonidasi, mdogo wake Kipriani. Tulimpisha benchini, hakukaa.

— Shemeji, nimesikia yaliyokupata. Pole sana.

— Nimeshapoa, shemeji.

— Kazi umemwachia nani?

— Leonidasi. Kabaki ziwani.

— Na yeye atazitofautishaje?

Kipriani aliweka kikombe chini, akamuuliza Saady kama lori la Kigoma limeshaondoka.

— Bado linapakia.

Akainuka, akalifuata.