Bakteria Wazuri wa Mama Yake Kinyozi

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kinyozi, na anayetaka akili za mtaa huu huja hapo, hasa nikiwepo mimi. Asubuhi ile tulikuwa hoi. Mafua yalikuwa yamepita nyumba kwa nyumba, hata kahawa tulikunywa bila kuisikia harufu. Kinyozi alikaa mwisho wa benchi, macho mekundu, ameshika kopo la mtindi. Mama yake, anayelala chumba cha nyuma ya kibanda, alikuwa amekohoa usiku kucha. Alfajiri kikohozi kikakatika, na tangu hapo kimya.

— Huo mtindi ndio umefanya kazi, nikasema. Si nilikwambia?

— Nilimpa jana jioni, Kinyozi akajibu kivivu. Muuza dawa kasema una bakteria wazuri. Ila kasema pia mafua haya ni ya virusi, na wataalamu bado wanachunguza kama hao bakteria wanasaidia kweli.

— Wachunguze nini tena? akadakia Injinia, fundi wetu wa baiskeli. Mgonjwa hakohoi, kazi imekwisha!

— Bakteria wanakaa tumboni, kifuani wanafikaje? akauliza Waziri, ambaye hajawahi kuwa na ofisi ila hukaa kama anayo.

— Kwani tumbo na kifua si wapangaji wa nyumba moja? nikamjibu. Bakteria wakianza fujo kule chini, virusi huku juu hapati usingizi. Anafunga virago mwenyewe.

— Acha uongo, mzee. Ni presha, akasema Injinia. Tumbo likijaa hao askari wa mtindi, wanasukumwa juu kama upepo kwenye mpira. Ndiyo maana mtu anabeua.

— Kubeua ndiyo doria? nikauliza.

— Doria kamili!

Waziri akakohoa mpaka akatoa machozi, akajifuta kwa mkono wa shati.

— Basi tupake puani. Adui anapita mlangoni, nyie mnapanga askari jikoni?

— Mimi nilishampaka jogoo, nikasema. Alishikwa na mafua akapoteza sauti. Nikampaka mtindi puani. Kesho yake aliwika hivi kwamba majirani walikuja kuniomba nimrudishie ugonjwa.

Wakacheka, kicheko cha watu waliochoka, kikafia njiani. Kinyozi hakucheka. Alikuwa anazungushazungusha kopo mikononi.

— Kwa hiyo kimya hiki ni kupona, siyo?

— Kupona kutupu, ndugu yangu, nikamwambia. Niulize mimi.

Hapo akatokea dada yake mkubwa, begi begani, vumbi la safari mpaka magotini. Tukasogea apate nafasi. Hakukaa.

— Mama kaamkaje?

— Katulia, dada. Tangu alfajiri hakohoi. Mtindi umemsaidia.

— Nani kaingia kumwona?

Nikamtazama Injinia. Injinia akamtazama Waziri. Waziri akachungulia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Kinyozi akainamisha kichwa.

— Nimefika mlangoni, dada. Nimefika, nikarudi. Mkono ulikataa kusukuma.

Dada hakumgombeza. Alitua begi miguuni pangu, akapita ndani. Tukamfuata kwa kunyata, sote, tukajibana kati ya kiti cha kunyolea na kioo. Tukasikia mlango unalia. Kisha hatukusikia kitu.

Ndipo kikaja kikohozi. Kirefu, kibovu, cha kukwaruza kama msumeno.

— Mama! dada akaita, halafu akatupigia kelele sisi: Anahema kwa shida! Tafuteni gari, anakwenda hospitali sasa hivi!

Injinia alitoka mbio na ndala moja. Kinyozi akaketi palepale sakafuni, kwenye nywele za wateja, akaanza kulia.

Maishani mwangu nimesikiliza bendi kubwa kubwa, nyingine nilizifundisha mimi mwenyewe. Hakuna iliyowahi kunipigia kitu kitamu kama kikohozi kile.