Shangazi na Albamu Iliyoegemea Kushoto

Tarehe thelathini mwezi huu, fundi sauti wetu mkuu, ambaye jengo zima linamwita Shangazi, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Anaondoka miaka minne kabla ya umri wa lazima, na kwa kuwa hapa kwetu uvumi haukosi miguu, nimeombwa nieleze sababu kama ilivyo. Ruhusa ametoa mwenyewe.

Alianza kwa kukunja nyaya. Baada ya muda akakaa kwenye meza ya mitambo, na tangu hapo hakuna kwaya, tangazo la sabuni wala bendi iliyotoka studio hii bila kupita masikioni mwake. Wanamuziki walimwogopa kuliko wazazi wao. Aliyechelewa hakugombezwa, alikabidhiwa ufagio. Mimi, karani wa mapokezi, nimewaona nyota wawili wakifagia huku wamevaa miwani ya jua, na wala sikuwaonea huruma.

Koridoni ndiko kulikuwa na mahakama yake. Kabla kazi haijatoka, Shangazi alifungua mlango wa chumba cha mitambo, akatutoa sote maofisini, tukajipanga koridoni kusikiliza. Wimbo unaosimama koridoni, alisema, utasimama popote. Utaratibu huo haukuwahi kutuangusha mpaka ilipokuja ile bendi ya roki.

Walikuwa vijana wanne wenye albamu moja tu, iliyonunuliwa na ndugu na majirani, tena kwa kuwaonea haya. Hii ya pili ilikuwa ya kufa na kupona. Mwimbaji alikunywa maji ya tangawizi mpaka chumba cha kurekodia kikanuka kama jikoni. Mpiga gitaa, tuliyemwita Kiberiti kwa hasira zake, kila siku aliomba gitaa lake liongezwe sauti, na kila siku alinyimwa. Kazi ilipokamilika tukaisikiliza koridoni, tukapiga makofi, ikaenda madukani.

Wiki haijaisha, simu ya mapokezi ikawa haipoi. Wasikilizaji walidai spika zao za kulia zimekufa. Fundi redio wa mtaa wa pili alifungua redio nzima nzima mpaka akachoka. Kumbe gitaa la Kiberiti, lililowekwa upande wa kushoto, lilikuwa limemfunika kila mtu. Sisi koridoni tungelijuaje? Sauti za spika mbili zikipita mlango mmoja huwa kitu kimoja, na gitaa la roki kupiga kelele si ajabu.

Kisha mhakiki wa gazeti akaandika kwamba bendi imevunja usawa kwa makusudi, na kwamba gitaa lile ni jirani mgomvi asiyetaka kuhama. Basi! Albamu ikagombewa. Bendi nyingine zikaja kuomba nazo ziegemezwe. Kiberiti akawa anatembea kifua mbele, akieleza falsafa ya jambo asilolijua.

Shangazi hakucheka. Alijifungia na albamu, akavaa vipokea sauti vyake, vile vile alivyofanyia kazi ile. Gitaa likatulia mahali pake. Akavigeuza, cha kushoto kikaja sikio la kulia. Gitaa likamrukia. Hapo akajua kwamba sikio lake la kushoto limechoka, na kwamba miezi yote ile alikuwa akiongeza upande huo ili kufidia asichokisikia.

Angeweza kunyamaza, maana sifa zilikuwa zinamiminika. Saa ya chai alisimama mbele yetu akasema ile si sanaa, ni sikio bovu, na kama mkurugenzi anazitaka funguo, ndizo hizo mezani. Alilia. Sisi tukatazama vikombe. Mkurugenzi alimrudishia funguo, akamwambia aitengeneze albamu upya. Akaitengeneza, sawa sawia, na wasikilizaji wakapiga simu tena kulalamika kwamba tumewaharibia. Jamani, binadamu hatosheki.

Tangu hapo, kwa miaka tisa, Shangazi amesikiliza kila kazi mara mbili: kwanza vipokea sauti vikiwa sawa, halafu vikiwa vimegeuzwa. Wageni waliomwona walidhani amechanganyikiwa, naye hakujisumbua kuwaeleza. Hakuna albamu nyingine iliyoegemea.

Mwaka huu daktari amemwambia kwamba sikio la kulia nalo limeanza, na kwamba kelele za kazi zitalimaliza. Bendi ile ile ilikuja kumbembeleza abaki kwa albamu moja tu. Kiberiti alipiga magoti pale mapokezi, mtu mzima na kipara chake. Shangazi akakataa. Binti yake amejifungua mtoto wa kike, na Shangazi anasema sikio lililobaki si la studio tena. Amemwekea mjukuu, ambaye bado hajatamka hata neno moja.

Shangazi, asante kwa yote uliyotusikilizia, na kwa ufagio pia. Nenda salama, ukaishi kwa raha na afya; na huyo mtoto, sote hapa tunamwombea awahi kusema.