Kiwanja cha Matuta cha Katubuka

Njooni karibu, wanangu. Faridi kaa hapa kichwani, Safina nishike mkono huu ambao bado una joto, na wewe Petero uliyesafiri ziwani kutoka Rumonge, Burundi, kuja kuniona, usikae mlangoni kama mgeni, maana ninayotaka kusema yanakuhusu kama yanavyowahusu hawa waliozaliwa na marehemu Mwanvua. Inamahoro, mama, vuta mkeka ukae. Mungu ameniachia kauli mpaka leo, na akili haijanitoka, kwa hiyo nisikilizeni kwa utulivu, wala asinikatize mtu kuniambia kwamba nitapona.

Nyumba hii, na ile ya Ujiji aliyoniachia baba yangu, na michikichi ya Simbo, vyote vitagawanywa kwa mirathi kama sheikh atakavyowaelekeza, na atakayeona mwenzake amepata mti wenye kuzaa kuliko wake, asiende kumhesabia mikungu. Lakini sheria yetu imenipa ruhusa ya kuielekeza theluthi ya mali yangu ninakotaka, na theluthi hiyo ninaiweka kwenye kile kiwanja cha nyuma ya nyumba, kiwanja cha matuta. Kuanzia leo hakina mwenyewe. Ni wakfu wa watoto wanaoshindana baiskeli, wa Ujiji, wa Simbo, wa kambini, wa popote, bila kuulizwa kabila wala dini wala karatasi.

Safina, nimekuona umeinamisha kichwa. Sikulaumu. Ulisema kiwanja kile kimelala bure, kwamba Katubuka ya sasa si ile ya zamani, na fremu za maduka pale zingewasomesha wajukuu. Umesema kama mtu mwenye akili. Ila wewe wakati ule ulikuwa mgongoni kwa mama yako, na kaka yako Faridi si mtu wa kusimulia mambo yake, kwa hiyo nitakusimulia mimi, ili ukishajua usiwe unatii tu, uwe unataka.

Kiwanja kile nilikifungua kwa kufyatua matofali. Udongo mzuri ulipokwisha yakabaki mashimo na vilima, na mimi nikahamishia tanuri kwingine. Ndipo zikaja sokoni zile baiskeli ndogo za mitumba, zenye matairi manene na usukani wa juu, zimeandikwa BMX ubavuni, hazina keria. Wafanyabiashara walizicheka, maana baiskeli isiyobeba dumu la mawese, Kigoma hii, ni baiskeli ya nini? Watoto hawakuzicheka. Walizipeleka kwenye mashimo yangu wakaanza kuruka vilima, na kila Saba Saba wakawa wanashindana, upande huu vijana wa Ujiji na kiongozi wao Faridi, upande ule vijana wa Simbo na kiongozi wao Petero. Inamahoro alikuwa msichana peke yake kati yao, na mwanzoni walimruhusu kwa sababu walidhani atachoka. Mshindi alipewa sinia la shaba la mama yenu, alikaa nalo mwaka mzima, kisha akalirudisha. Mwamuzi nilikuwa mimi, kwa kuwa uwanja ulikuwa wangu na hakuna mzee mwingine aliyekuwa tayari kula vumbi.

Basi mwaka wa ile mvua ya elnino ikatoka amri kwamba Warundi wote wanaoishi vijijini wapelekwe kambini. Petero, wazazi wako walikuwa Simbo tangu ukimbizi wa kwanza, wewe na Inamahoro mlizaliwa pale, mkisema Kiha kuliko Waha wenyewe. Haikusaidia. Malori yalikuja asubuhi, watu wakapakia masufuria na kuku, na baiskeli zenu zikabaki katika banda langu la matofali kwa sababu ndiko mlikokuwa mkizilaza. Saba Saba ilikuwa imekaribia, na mjini watu walisema waziwazi kwamba sasa Faridi atalichukua sinia bila jasho.

Faridi alikuja kwangu nikiwa nakula. Akasema, "Baba, mimi simo."

"Humo kwenye nini?"

"Kwenye mbio. Petero hayupo, Inamahoro hayupo. Nitamshinda nani?"

Nikamwambia aende mwenyewe akawaombee ruhusa, nikidhani atachoka njiani. Alipanda gari la mizigo mpaka kambini, njia ya Kasulu, akamwona mkuu wa kambi. Yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia, "Kutoka hawatoki, kijana. Lakini hakuna aliyeniandikia kwamba ninyi msiingie." Faridi akarudi anacheka peke yake barabarani, akaniambia, "Baba, tunahamisha uwanja."

Kuhamisha uwanja kunataka lori, na lori Katubuka nzima lilikuwa la Mzee Pastory, jirani yetu wa huko juu. Mimi na Pastory tulikuwa hatusalimiani. Tuligombania mpaka wa kile kiwanja, yeye akidai nimechimba udongo wake, mimi nikidai yeye amesogeza ua wake wa minyaa, na tukafikishana mpaka barazani. Nani alikuwa na haki, Mungu ndiye ajuaye. Nilikuwa naapa kwamba nitawapeleka vijana kwa miguu kuliko kumwomba. Sikumwomba. Siku ya Saba Saba asubuhi nilisikia injini mbele ya nyumba, nikatoka, nikamkuta ameketi nyuma ya usukani, akitazama mbele.

"Sikuja kwako, Abeid," akasema. "Nimekuja kwa watoto. Panda."

Nikapanda mbele, karibu naye, na tulipofika mlimani tulikuwa tumeshaanza kusemana vibaya juu ya bei ya dagaa, na tokea siku ile hatukukosana tena mpaka nilipomzika. Kwa hiyo shikeni hili pia: mpaka wa kiwanja ni pale ilipo minyaa ya Pastory, na asiuguse mtu, hata wajukuu wake wakisema wao hawaitaki.

Kuna jambo nililiona bandani kabla hatujaondoka. Faridi alikuwa amechuchumaa, anavua tairi jipya la nyuma la baiskeli yake, analivisha baiskeli ya Petero. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "La kwake limeisha meno, baba. Yeye achukue hili, mimi nina la akiba. Nikimshinda akiwa na tairi lile, nitakuwa nimelishinda tairi." Akaendelea kukaza nati. Nilitoka nje nikasimama kidogo, nikamshukuru Mungu kwa mtoto huyu, na ninamshukuru tena leo mbele yake, maana siku zile sikumwambia.

Nipeni maji. Kidogo tu. Inatosha.

Kambini tulipokelewa na vumbi na watoto wasiohesabika. Uwanja haukuwapo. Mkuu wa kambi alituonyesha mteremko ulio wazi, na sisi tulikuwa na majembe ya kutosha vijana wachache, nikajua hatutamaliza. Ndipo marehemu mama yako Petero, Veneranda, akatoka na jembe lake begani, na nyuma yake wanawake wengine, hawakuitwa na mtu, wakauliza matuta yawe na urefu gani. Wale mama walikuwa wamenyang'anywa mashamba yao msimu wa kuvuna. Walilima mteremko ule kama wanaolima shamba lao wenyewe, wakiimba, wakiwazomea vijana wa Ujiji waliochoka mapema, na kabla ya adhuhuri tulikuwa na matuta, kona mbili kali, na bendera za khanga mahali pa kupinda. Sheria ilikuwa ileile: anayepita ndani ya bendera, mbio zake zimeharibika.

Ubao wa kuanzia, uliozuia magurudumu yao, ukaanguka, wakatoka. Umati wote ulikuwa wa Petero. Wajumbe wa kambi, wapishi, wazee wenye fimbo, wote walikuwa wakiliita jina lake, na wale waliokaa kimya midomo yao ilikuwa ikisema dua. Mchuano ulibaki wa watatu. Kwenye kona ya pili vumbi likawafunika, na walipotoka ndani yake Faridi yuko mbele, Petero ubavuni mwake, Inamahoro nyuma yao kidogo, na hivyohivyo wakavuka mstari. Nikanyanyua mkono wa mwanangu.

Nitawaambia nilichokisikia. Sikusikia kitu. Watu wale wote, na hakuna aliyezomea, hakuna aliyesema mwamuzi ni baba yake. Walinyamaza tu na kuanza kuondoka polepole, kama watu waliozoea. Ukimya ule uliniuma kuliko tusi.

Faridi akautoa mkono wake kwenye mkono wangu. Akasema, si kwa kunong'ona, "Baba, nilipita ndani ya bendera. Kona ya pili."

"Una hakika? Vumbi lilikuwa jingi."

"Alama ya tairi langu iko pale. Twende ukaione."

Tukaenda, na watu wakarudi wakatufuata. Alama ilikuwa pale, ndani ya khanga, hata kipofu angeipapasa. Nikatangaza kwamba ushindi ni wa Petero. Kelele zilizotoka hapo zilifika Kasulu. Lakini Petero huyu, mnayemwona anajifuta macho, akaja akasimama mbele yangu akasema, "Oya, hapana, mzee. Mimi sikuiona hiyo bendera. Mimi najua tu nilikuwa nyuma. Silitaki sinia la namna hiyo."

Faridi akasema sinia ni la Petero. Petero akasema si lake. Wakabishana pale, kila mmoja anamsukumia mwenzie, umati umeanza kugawanyika, na mimi mwamuzi nimeshika sinia sijui nilitie wapi. Ndipo Inamahoro akashuka kwenye baiskeli yake, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja, "Kama hawalitaki, mimi nalitaka."

Pastory alicheka mpaka akakaa chini. Kambi nzima ikacheka. Na mimi nikaona hukumu imekuja yenyewe, nikasema mbio zirudiwe, wao watatu tu.

Wakarudia. Wale wawili walitoka wakitazamana, kila mmoja akimchunga mwenzie asimpite na tena asimkosee, wakapinda kona ya kwanza bega kwa bega, wakapinda ya pili wakiiachia bendera nafasi ya kupita ng'ombe, na hapo kwenye nafasi hiyo, kati yao na khanga, bila kuigusa khanga, akapita Inamahoro. Aliruka tuta la mwisho peke yake. Nilimwona angani. Wanangu, nimeona mengi kwenye mwambao huu, nimeona meli zikija zimejaa watu wanaolia, lakini nimemwona pia mtoto yule angani, na wanawake waliolima tuta lile wameinua majembe yao juu, wanapiga vigelegele mpaka sauti zinawakatika. Faridi na Petero walivuka mstari nyuma yake, wakatupa baiskeli, wakambeba wao wenyewe, kabla mtu mwingine hajamfikia. Veneranda akanishika mkono akasema, "Murakoze, asante, mzee. Leo hapa si kambini." Nami nikalitoa sinia, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, nilijua nimempa aliyeshinda.

Mwaka uliofuata tukarudi, na mwaka wa tatu, mpaka vijana wa Ujiji wakawa na mashemeji na marafiki kambini, na mjini yale maneno mabaya juu ya Warundi, nyumbani kwangu na katika mitaa hii, yakakosa wa kuyasema. Kambi ilipofungwa, Petero akarudi kwao Burundi, Inamahoro akaolewa Simbo, na sasa yeye ndiye anayewafundisha watoto kwenye matuta yale niliyoyaacha hapa nyuma. Safina, hapo ndipo unapotaka kuweka fremu. Unanitazama. Umetikisa kichwa, huzitaki tena. Vyema, mwanangu. Nimekuelewa.

Sasa nguvu zinapungua, nitasema kwa kifupi. Wakfu huo usimamieni watatu, Safina, Faridi na Inamahoro, na Safina ndiye mkubwa wao katika kauli, kwa kuwa ndiye mwenye hesabu za dunia kichwani. Mwamuzi asiwe mmoja tena, wawe wawili, mmoja asimame kwenye kona. Mtoto wa kike asizuiliwe. Mtoto akianguka, aliye nyuma yake ashuke amtazame kwanza. Msiweke jina langu kwenye kibao.

Mtanizika Ujiji, karibu na Mwanvua. Nikifa leo, nizikeni kabla jua halijazama. Na kama ni siku ya mbio... sikilizeni... kama ni siku ya mbio, msizivunje. Nizikeni, mnawe mikono, mwende.

Sauti gani hiyo nje? Minyororo. Ni watoto wamefika. Inamahoro, nenda mama, usiwaweke wakingoja. Fungua dirisha hilo unapopita. Hivyo.

Faridi, Mungu akuridhie kama nilivyokuridhia. Safina, akuzidishie. Petero, akuvushe salama... wewe na wanao. Awape wote... kifua cha kushinda, na kifua cha kumpisha aliyeshinda. Amina. Semeni amina.

Wameanza. Nasikia... nani anaongoza? Hapana, Faridi. Usiniambie. Waache wamalize.