Kabureta ya Kaka

Ndani ya treni ya asubuhi, dada mmoja mwenye ovaroli ya mashindano ya magari alikaa mbele yangu amepakata kabureta iliyofungwa taulo, kama anayepeleka mtoto kliniki. Mzee wa pembeni yake, fundi magari mstaafu, alishindwa kunyamaza. Mafundi ndivyo walivyo.

"Binti, gari la mashindano weka injekta. Kompyuta inapima mafuta yenyewe. Hiyo kabureta inachanganya mafuta na hewa kwa skrubu tu; kwenye kona kali mafuta yanaegemea upande mmoja, injini inazima."

"Najua, mzee wangu. Ndivyo kaka yangu alivyokufa, kona ya tatu."

Mzee alimpa pole, kisha akamuuliza kwa nini bado anaing'ang'ania.

"Nilitaka kuiuza. Lakini kila nikikaza skrubu ya hewa, kesho yake naikuta imelegezwa nusu mzunguko. Kaka alikuwa akiiacha hivyohivyo. Na ufunguo wa gereji ninao mimi peke yangu."

"Ni mtetemo huo," mzee alisema, huku akisogeza goti lake mbali na taulo. Mimi pia nilisogeza langu.

"Mtetemo gani, na gari halijawashwa tangu msiba?"

"Basi ndiyo uitupe kabisa! Na kwenye mashindano ya Jumapili utapita kona ileile?"

"Ileile. Kompyuta haina skrubu, mzee wangu. Nikiweka injekta, kaka atashika nini?"

Treni ikasimama. Dada akashuka amekumbatia mzigo wake. Mzee alisimama mlangoni akimwita, "Binti! Weka injekta, mwanangu!" mpaka milango ikafungwa.